Sikuwekei Kreki, Hata Ukininunia

Jumamosi iliyopita baada ya alasiri, kijana wa jirani alikuja kibarazani kwetu hapa Kinondo, laptopu begani, flashi mkononi. Kamaliza kidato cha nne mwaka jana, ana jicho la picha kuliko mimi nilivyokuwa umri wake, na anataka kuanza kazi ya mabango na video za arusi. Laptopu yenyewe ni mtumba wa Uingereza, zile tunaziita eksi-Yuke, kainunua Ukunda kwa pesa za mamake zilizotoka kwenye zamu yake ya chama. Flashi kauziwa na fundi shilingi 500. Ndani yake kuna "Adobe zote", Office, CorelDRAW, na antivairasi.

Yaani hata antivairasi ni ya kreki! Hiyo ni kumwajiri mwizi awe bawabu wa nyumba yako.

"Kaka, niwekee," akaniambia. "Fundi amesema kwanza nizime ulinzi wa Windows, halafu nizime intaneti, ndio nibofye."

Hebu isome tena hiyo sentensi polepole. Mtu akikwambia kabla hajaingia kwako umfunge mbwa, uzime taa za nje na usimwambie yeyote, utamfungulia mlango? Lakini kwa kompyuta tunafungua, na tunalipa 500 juu.

Nikamwambia siweki. Akanuna. Akaniuliza kama ni roho mbaya, kwamba mimi nishatoka, sasa sitaki na wengine watoke. Basi hii post ni jibu lake yeye, na jibu la nyinyi wote mnaonitumia meseji kila wiki, "bro nitumie link ya Premiere". Sina link. Na hata ningekuwa nayo nisingekutumia. Kaa nikwambie kwa nini, na nikimaliza unaweza kunitukana vizuri.

Nilitoka chuo mwaka wa pili. Karo ilikataa, hiyo ni hadithi ya siku nyingine na wengi wenu mnaijua kwa sababu ni yenu pia. Nikarudi nyumbani nikaanza kupiga arusi. Kamera ya kuazima, laptopu kama hii ya huyu kijana, programu ya kuhariri video iliyovunjwa kufuli, niliyopewa na rafiki niliyemwamini. Mwanzo mambo yalikuwa matamu. Nilikuwa najisifu kabisa, nasema "natumia ile ile ya Hollywood".

Disemba moja nikapata kazi kubwa Msambweni. Arusi ya siku 3. Ngoma, kupamba, kombe la bwana arusi, kila kitu. Siku ya pili jioni bibi mzaa mama wa bi arusi, mzee sana, wa kushikwa mkono akitembea, aliinuka pale kwenye mkeka akaanza kuimba. Wanawake wote wakanyamaza, halafu wakaitikia. Nilimpiga dakika 11 bila kukata. Nilijua palepale kwamba hii ndiyo arusi yenyewe, yale mengine ni mapambo.

Nikahamisha klipu zote kwenye laptopu na kwenye diski ya nje, kadi nikazifuta kwa sababu kamera haikuwa yangu na mwenyewe alikuwa na kazi kesho yake. Diski nikaiacha imechomekwa. Wiki hiyo programu ikaanza kugoma, rafiki akanitumia "pachi" mpya. Nikazima ulinzi, nikabofya, nikalala.

Asubuhi kila faili lilikuwa na mkia wa herufi 4 nisizozijua. Picha, video, hata sivii yangu. Na kila kabrasha lina barua ya Kiingereza inayodai dola. Diski ya nje pia, kwa sababu ilikuwa imechomekwa.

Baadaye ndio nilijifunza kwamba huu ni ukoo mzima wa vairasi wenye jina, STOP/Djvu, na kwamba njia yake kuu ya kusambaa ni hizi kreki na vitengeneza-namba za leseni. Haukuvamia kompyuta yangu kwa werevu wowote. Niliualika mimi, nikaufungulia mlango, nikazima taa. Kuna matoleo ya zamani ya vairasi hiyo ambayo wataalamu walipata ufunguo wake na kuutoa bure. Langu silo.

Yule bibi alifariki wiki 5 baada ya arusi. Mamake bi arusi nikimkuta njiani nampa shikamoo, anaitikia vizuri tu, halafu ananiuliza kwa upole, "Mwanangu, zile zilipatikana?" Angenitukana ingekuwa nafuu. Pesa zao niliwarudishia kidogo kidogo, ilinichukua miezi 7. Diski bado ninayo kabatini, nimeifunga kwa karatasi, sijaifuta, maana ufunguo unaweza kutoka siku moja.

Sasa wewe niambie tena kwamba kreki ni bure.

Najua mnavyojibu. "Wazungu wana hela, Adobe haitakufa kwa sababu ya mtu mmoja wa Kinondo." Kweli haitakufa. Lakini hebu tuzungumze kama watu wa kazi. Wewe huyohuyo mwezi uliopita ulilia, na mimi nililia na wewe, wakati ukurasa mmoja wa utalii ulipochukua klipu yako ya machweo ya Galu, wakakata jina lako chini, wakaiweka kama yao. Uliandika post ndefu kabisa kuhusu jasho la msanii. Post hiyo ulipambia picha kwa Photoshop ya kreki. Sheria ya hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inaiweka programu ya kompyuta kundi moja na maandishi ya fasihi. Hakimiliki unayoililia wewe ndiyo hiyohiyo aliyonayo mwenye programu. Huwezi kuishika upande mmoja tu.

Na kuna jambo linaniuma kuliko dhambi. Ukiiba programu ya tajiri hujamkomoa, umemfanyia kazi. Mwaka 1998 Bill Gates alisema wazi kuhusu China, kwamba watu kule wanaiba programu, na maadamu wataiba, afadhali waibe za Microsoft. Watazizoea, na huko mbele kampuni itajua namna ya kukusanya pesa zake. Hakuficha. Wewe unayedhani umemwibia mzungu, yeye amekuweka kwenye hesabu ya miaka 10 ijayo. Unajifunza vitufe vyake, unawafunza wadogo zako vitufe vyake, na siku ukipata kazi ya maana hotelini utamwambia meneja "mimi najua Adobe tu, ninunulieni". Hapo deni limelipwa.

Haya, basi tulipe kihalali? Sawa, mimi sina neno na mtu anayelipa. Ukiingiza pesa ya kutosha, lipa, programu zao ni nzuri, nisiseme uongo. Lakini piga hesabu kwanza kama muuza samaki, sio kama shabiki. Kifurushi kizima cha Adobe kwa bei ya Marekani kimekuwa kikitembea kati ya dola 60 na 70 kwa mwezi. Kwa shilingi 129 kwa dola hiyo ni kama Sh 7,700 mpaka 9,000. Kila mwezi. Ramadhani, msimu wa mvua, mwezi ambao Diani haina mgeni hata mmoja, bili inakuja tu. Na bei ni ya dola, bwana. Mwanzoni mwa 2024 dola ilifika karibu shilingi 160. Wewe kazi yako ni ileile, mteja wako anakulipa kwa shilingi ileile, lakini bili inapanda kwa sababu ya mambo ya Benki Kuu ambayo hata hujui kuyatamka.

Zamani ulikuwa unanunua sanduku, unalipa mara moja, programu ni yako mpaka kompyuta ife. CS6 ya mwaka 2012 ilikuwa ya mwisho ya namna hiyo. Mwaka 2013 Adobe wakatangaza kwamba kuanzia hapo ni kukodi tu. Na kukodi kwenyewe kuna mlango wa kuingilia mpana na wa kutokea mwembamba. Juni 2024 tume ya biashara ya Marekani iliwashtaki ikisema wanaficha ada ya kujitoa mapema kwenye mkataba wa mwaka unaolipwa kila mwezi, na kwamba wanamzungusha mtu anayetaka kutoka. Adobe walikana. Mimi si hakimu, ila kama serikali ya Marekani yenyewe inaona raia wake wanachanganywa na mkataba ule, wewe na mimi tunaosoma Kiingereza kwa kubahatisha tuna usalama gani?

Na hizi za simu na za bure za mtandaoni je? CapCut, Canva. Natumia zote mbili, sikatai. Bango la mchango wa maziko likitakiwa ndani ya nusu saa, Canva inaokoa. Lakini mnakumbuka Januari 2025? TikTok ilipozimwa Marekani, CapCut nayo ikazimika, kwa sababu mwenyewe alikuwa mmoja, ByteDance. TikTok ilirudi haraka sana, ila CapCut ilikaa wiki kadhaa haipatikani kwenye maduka ya programu kule. Watengeneza maudhui waliamka kazi zao zimekaa ndani ya nyumba iliyofungwa. Huko ni Marekani, wenye simu za kila aina na mawakili. Affinity nayo, programu nzuri sana ya michoro uliyokuwa unanunua mara moja tu, ilinunuliwa na Canva mwaka 2024, na mwisho wa Oktoba 2025 ikafanywa bure, ila lazima uwe na akaunti ya Canva. Bure leo, nashukuru, nimeijaribu na nimeipenda. Lakini jana ilikuwa ya mwingine na bei nyingine, na kesho siamui mimi.

Ndiyo maana siku hizi nina swali moja tu ninalouliza kabla sijaweka programu yoyote kwenye kompyuta ya nyumbani. Siulizi kama ni nzuri, wala kama ni ya kitaalamu. Nauliza: nikikosa pesa mwezi huu, na bando likiisha, na stima ikarudi saa 8 usiku, kazi niliyoifanya mwaka jana itafunguka? Kama jibu ni ndiyo, naiweka. Kama jibu ni "ingia kwenye akaunti yako", naiacha kwa vitu vidogo vya haraka, lakini kazi ya mtu siitii humo.

Kwa swali hilo, zinazobaki ni nyingi kuliko mnavyodhani. Picha nahariri kwa GIMP. Nembo na mabango ni Inkscape. Kuchora kwa mkono ni Krita. Sauti ni Audacity. Video ni Kdenlive, na Shotcut kwa kazi ndogo. Barua, bajeti na risiti ni LibreOffice. Zote ni halali, zote bure, zote zinafanya kazi bila intaneti, na leseni yake inakuruhusu kunakili na kumpa mwenzako. Hapo ndipo watu wangu wa Kwale mnisikilize. Hii tabia yetu ya kupeana vitu kwa flashi, kwa sababu bando ni ghali na mtandao wa Kinondo unakuja na kuondoka kama maji ya bahari, si tabia mbaya! Ni tabia nzuri tuliyoitia kitu kibaya. Programu hizi unaweza kuzijaza kwenye flashi ukazigawa kijiji kizima, ukatembea nazo mchana, askari akakuuliza ukamwambia.

Ngoja niseme na ubaya wake, maana wale mashabiki wa programu huria nao wananichosha. Wanakuja na dini. Ukisema kitu kimekwama wanakwambia hujasoma maelekezo. Ukweli ni kwamba GIMP kwa mtu aliyezoea Photoshop ni kama kuhamia nyumba ambayo jiko liko chumbani. Wiki 2 za kwanza nilitukana sana. Toleo la 3 lililotoka Machi 2025 limepunguza maumivu, maana sasa unaweza kuweka madoido na bado ukarudi kuyabadilisha, jambo ambalo Photoshop inalo tangu zamani. Kwa uchapishaji rangi bado ni taabu: Inkscape inafikiri kwa rangi za skrini, mashine ya mchapishaji inafikiri kwa wino, na mara ya kwanza bango langu la kijani lilitoka kama dagaa waliolala. Siku hizi nachapisha kipande kidogo kwanza, naangalia, narekebisha. Kdenlive nayo ilikuwa inanifungia ghafla mpaka nilipojifunza kuweka nakala nyepesi za klipu. Unahariri kwa ile nyepesi, mwisho inatoa kwa ile nzito. Kwa mashine ya RAM gigabaiti 8, bila hiyo hufiki.

Na DaVinci Resolve, ambayo kila mtu YouTube anaisifu? Toleo la bure ni bure kweli, na lile la kulipia ni dola 295 mara moja tu, si kila mwezi. Kwa rangi sijaona mfano wake. Lakini inataka kadi ya grafiki yenye nguvu, na kwenye Linux toleo la bure halifungui video za H.264, ambazo ndizo karibu simu na kamera zetu zote zinatoa. Kwa hiyo kama una mashine nzuri ya Windows, chukua Resolve wala usinisikilize. Kama una eksi-Yuke kama yetu, utaisifu kwa mbali, kama tunavyozisifu zile hoteli za ufuoni.

"Lakini kaka, watu wa maana hawatumii hivyo vitu." Hii ndiyo kauli inayonitoa povu. Machi 2025 filamu ya katuni iitwayo Flow, ya Latvia, ilichukua Oscar ya filamu bora ya katuni. Ilitengenezwa kwa Blender. Blender! Programu ya bure unayoweza kuiweka leo. Waliokuwa wakishindana nao ni watu wa Pixar na DreamWorks. Yule kijana wa Latvia hakuambiwa aje na leseni ndipo apewe sanamu. Wewe unayepiga mabango ya mechi za Ukunda unaniambia programu ya bure haikutoshi?

Halafu, tangu niache kreki nimefanya kazi za wateja 60 na kitu. Hoteli, arusi, madrasa, wagombea wa uchaguzi, kikundi cha kina mama wanaosuka ukili. Walioomba faili la mradi wenyewe, lile la ndani, ni wawili. Wengine wote wanataka MP4 ya kutuma WhatsApp na PDF ya kupeleka kwa mchapishaji. Mama muuza mahamri hajawahi kuniuliza nembo yake nimechora kwa nini. Anauliza mbona jina lake nimeandika dogo kuliko la sukari.

Najua mzizi wa hii kasumba uko wapi, na nitausema. Uko kwenye "pakeji". Kila mji wa pwani una chuo cha ghorofani kinachofunza kompyuta pakeji. Mtoto analipa, anakaa miezi 3, anatoka na cheti kinachosema anajua Word, Excel, Access, PowerPoint. Mimi ninacho cha kwangu. Nilifunzwa "bofya hapa, halafu hapa". Siku kitufe kikihamishwa, elimu imekwisha. Hakuna aliyenifunza bajeti ni nini, barua ya maombi inakaaje, safu na mistari ina maana gani. Wametufunza bidhaa, si kazi. Halafu tunashangaa kijana anaiogopa LibreOffice kama jini, na hali kuandika barua ni kulekule. Hata fomu za ushuru za KRA kwenye iTax zimekuwa zikitolewa kwa Excel na pia kwa ODS, ambayo ndiyo ya LibreOffice. Serikali yenyewe inajua kuna mlango mwingine, mwalimu wa pakeji hajui.

Tena wazee wetu walishaanza. Mwaka 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi uliokuwa ukiitwa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice: programu nzima ya ofisi, menyu yake kwa Kiswahili. Mimi nilikuwa bado natambaa. OpenOffice hiyo ndiyo mzazi wa LibreOffice, iliyojitenga mwaka 2010. Microsoft nao wakaja na vifurushi vyao vya Kiswahili kipindi hichohicho. Nilipogundua haya nilikasirika, wallahi. Miaka 20 na zaidi kuna watu walikaa wakatafuta neno la Kiswahili kwa kila kitufe, na mimi nikiwa mtoto wa Kinondo ninayeota kwa Kiswahili nilifunzwa kwamba kompyuta inasikia Kiingereza tu. Mpaka leo LibreOffice ina kamusi ya kukagua tahajia ya Kiswahili. Hii post imepita humo, kwa hiyo makosa mtakayoyaona ni ya kiburi changu.

Jambo la mwisho ni la haraka kwa sababu lina tarehe. Windows 10 ilikatiwa huduma za kawaida 14 Oktoba 2025. Windows 11 inataka prosesa ya Intel kuanzia kizazi cha 8, na nyingi ya hizi eksi-Yuke zinazouzwa Ukunda na Mombasa ni kizazi cha 4, cha 5, cha 6. Muuzaji hakwambii. Anakwambia "ni Core i5", unafurahi. Kwa hiyo yule kijana alikuja kwangu na mashine ambayo Windows yake haitengenezewi tena viraka vya usalama kama zamani, anataka nizime hata ule ulinzi uliobaki, nimwekee programu za mwizi. Na hapo ndipo mamake alipoweka zamu yake ya chama.

Mkienda Kaya Kinondo, pale kwetu msituni, mtafungwa kitambaa cheusi kiunoni na mtaambiwa msitoke na kitu, hata kijiti kilichoanguka chenyewe. UNESCO waliuweka kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2008 pamoja na kaya nyingine, lakini hawakuulinda wao. Umelindwa na watu waliokuwa na shida ya kuni kama sisi tulivyo na shida ya leseni, na wakaenda kutafuta kuni pengine. Sisemi Photoshop ni kaya, msije mkanipeleka kwa wazee. Nasema hii ya "nina shida kwa hiyo nachukua" hatukulelewa nayo.

Kijana hakuondoka ile Jumamosi. Alinuna mpaka magharibi, akala nasi. Baadaye nikamwomba ile flashi ya 500. Nikaifuta yote, nikaiwekea Linux Mint, tukaiwasha laptopu yake kutoka kwenye flashi bila kugusa kilichomo ndani, aone kwanza kabla hajaamua. Wi-Fi ikashika. Sauti ikatoka. Spika moja haifanyi kazi lakini hiyo ni ya muuzaji. Tukafungua Inkscape, akakaa dakika 40 anapambana na kalamu ya mistari, akichora samaki tasi. Mkia ulitoka vibaya. Jicho lilitoka zuri sana.

Ameniambia bado anataka Photoshop. Nimemwambia sawa, akipata wateja 10 wa kulipa nitakwenda naye kuinunua mimi mwenyewe, kwa kadi yangu. Jumapili anarudi tumalize samaki. Wengine mnaotaka, njooni na flashi tupu ya gigabaiti 16 au zaidi, nitawajazia bila malipo, na mje na chaja zenu, yangu imekatika waya.